Mkanda

Gari letu lilikuwa na ugonjwa wa alfajiri.
Mchana kutwa limenyamaza kama limelishwa yamini,
lakini saa kumi na moja, umande ungali kwenye boneti,
nikitoka zamu ya usiku Ligula,
nikipinda tu kona ya Chikongola:
kwiiiiii!
Mbwa wa kina Nangumbi wanaitikia,
vichanga vinaamka,
na Maalimu Shaweji, kipaza sauti mkononi,
anasema amechoka kutanguliwa.
"Sista Asumini, adhana ni yangu au ni yako?"

Kila mtu akawa tabibu.
Mwenye genge: beringi hiyo.
Wa bodaboda: mwagia oili kidogo, utatulia.
(Oili juu ya mkanda! Ni kumtibu mlevi kwa gongo.)
Fundi Chilumba hakufungua hata boneti,
alisikiliza, mikono kiunoni, akataja bei
ambayo ningeilipa msimu wa korosho
kama ningekuwa na mikorosho.

Nikausugua kwa kipande cha sabuni.
Kimya, siku mbili.
Siku ya tatu kelele ikarudi, safi, inanukia.

Jumapili nikajifunga kanga iliyochakaa.
Nikavua kichwa cha betri kwanza,
kama tunavyobana mrija kabla ya kugusa mshipa.
Mkanda nikaugeuza kwenye mwanga:
upande wa ndani unameta kama kisigino kilichosuguliwa jiwe,
na nyufa, nyufa.
Nikaubonyeza katikati kwa kidole gumba.
Ukazama, kama mguu uliojaa maji.
Nimebonyeza miguu mingi ya namna hiyo,
najua kidole kinaposema hali si nzuri.

Nati ya chini ya alteneta ilikula kutu
tangu enzi za marehemu Mnalimi,
aliyeniachia gari hili na daftari la madeni.
Nikaidondoshea mafuta ya taa, nikaenda kupika.
Nikarudi: spana kumi na nne inateleza.
Nikaenda kuosha vyombo.
Nikarudi: nati ikalia ng'we,
sauti ya mtu anayekubali kosa
bila kuomba radhi.

Mkanda mpya ulitoka kwa Mfaume, sokoni.
Wa kwanza aliouza ulikuwa mfupi vidole viwili;
nikatembea tena na jua lile lile
huku nikimpangia maneno.
Wa pili ukaingia.
Mtalimbo wa kuukazia sina.
Nikachukua mchi jikoni,
nikauegemeza ubavuni mwa alteneta, nikasukuma kwa adabu.
Mama mkwe, Bi Somoe, akapaza sauti dirishani:
"Mchi huo ni wa kisamvu!"
"Leo ni wa Toyota, mama. Njoo unishikie tochi."

Akaja. Giza lilikwisha ingia.
Mkono wake ulitetemeka, mwanga ukacheza
kwenye spana, kwenye vidole vyangu vilivyochunika,
lakini hakuushusha mpaka nati ya mwisho.
Kidole gumba tena. Sasa mkanda unakisukuma.

Kisamvu cha kesho yake kilikuwa na harufu ya mbali ya grisi.
Hakuna aliyesema neno.

Jumanne alfajiri nikapinda kona.
Mbwa hawakuinua sikio.
Maalimu alichelewa dakika tano,
na sijui alimlaumu nani.
Nyumbani geti limefungwa, dirisha giza,
nami nilizoea kukuta taa, na chai imekwisha iva tangawizi.
Nikagonga. Nikagonga.
Kumbe miezi yote ile Bi Somoe alikuwa akibandika maji
kwa kusikia mlio, kule kona,
na mimi nilidhani ni mazoea ya uzee, kuamka mapema.

Ndala zikaburuta. Jicho moja kwenye tundu la geti.
Akanitazama, akalitazama gari,
muda mrefu, gari.
"Umerudi na gari la nani?"

"La mwanao, mama.
Fungua. Kuna umande."